Muziki wa Kupigwa kwa Sauti ya Chini

Kwetu kila muziki una kazi yake. Ngoma ya mavuno ina kazi yake, nyimbo za kutwanga zina kazi yake, na kinanda cha kanisani kina kazi yake. Ukipiga muziki usio wa kucheza wala wa kuimba, watu watauliza: Huu nao ni wa nini? Swali hilo ni zuri. Nataka kulijibu kwa habari ya santuri moja iliyotoka mwaka 1980, iitwayo The Plateaux of Mirror, yaani kama kusema nyanda za juu za kioo. Ni kazi ya watu wawili: Harold Budd wa Marekani na Brian Eno wa Uingereza.

Eno alizaliwa mwaka 1948 huko Suffolk, mashariki ya Uingereza. Baba yake alikuwa tarishi wa posta, na mama yake Mbelgiji. Alilelewa katika dini Katoliki, akasoma Ipswich katika shule ya Mabruda wa De La Salle. Alipokua aliacha dini, wala hafichi. Husema wazi kwamba hasadiki Mungu. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu nyumbani kwetu lilileta maneno.

Mwezi wa Januari 1975 Eno alipata ajali barabarani, akawa wa kulala tu kitandani. Rafiki yake alimletea santuri ya kinubi. Ikapigwa, lakini sauti ilikuwa ndogo mno, tena upande mmoja wa mashine ulikuwa umekufa. Mgonjwa hakuweza kuinuka kuiongeza. Basi akalala vivyo hivyo, na sauti ya kinubi ikachanganyika na sauti ya mvua iliyokuwa ikinyesha nje. Hapo akafahamu kwamba muziki waweza kukaa chumbani kama mwanga unavyokaa, bila kumdai mtu chochote. Baadaye alitoa santuri ya namna hiyo kwa ajili ya viwanja vya ndege, mahali ambapo watu hungoja na kuhangaika.

Mwenzake, Harold Budd, alizaliwa Los Angeles mwaka 1936, akakulia katika jangwa la Mojave. Huko hakuna kelele nyingi. Mwenyewe alieleza kwamba tangu utoto alipenda uvumi wa nyaya za simu zikipigwa na upepo. Msomaji, wewe unaujua uvumi huo. Nani kati yetu hakutia sikio kwenye nguzo ya simu alipokuwa mtoto, akidhani anawasikia wazungumzaji?

Sasa sikia jinsi walivyofanya kazi. Budd alikaa kwenye piano, akapiga polepole, sauti chache tu, mara nyingi bila kitu kilichoandikwa. Eno alipitisha sauti hizo katika mashine zake: nyingine zikarefuka, nyingine zikarudi kama mwangwi wa bondeni. Budd alipoisikia sauti imekwisha kugeuka, aliijibu kwa vidole vyake. Ni kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: kila mmoja humsikiliza mwenzake, la sivyo michi itagongana. Zikapatikana nyimbo kumi zisizo na maneno, za dakika kama arobaini kwa jumla.

Muziki huu uliingia nyumbani kwetu kwa njia ya simu ya mkononi ya mdogo wangu afanyaye kazi mjini. Wakati huo marehemu baba alikuwa mgonjwa, na usiku hakupata usingizi. Upande mmoja wa nyumba redio ya jirani, upande wa pili kilabu cha pombe. Mdogo wangu aliweka simu karibu na mto wa baba, akapiga santuri hii kwa sauti ndogo kabisa.

Shangazi hakupendezwa. Alisema, “Mgonjwa husaliwa, hapigiwi vyuma. Tena mnasema mtu mwenyewe amemkana Mungu!”

Hatukubishana naye, maana neno lake lilikuwa na uzito. Mtu aliye karibu na safari yake ya mwisho asipewe kitu cha kumpotezea njia. Lakini baba aliinua mkono akasema, “Dada, waache. Hizi ni waya za simu.”

Baba alifanya kazi ya kutengeneza njia za simu miaka mingi, akitembea porini kutoka nguzo hata nguzo. Hakuwa ameambiwa habari za Budd na jangwa lake.

Tangu siku hiyo tukawa na desturi. Kwanza Rozari, na shangazi akiiongoza. Kisha muziki kwa chini, na sote kimya. Hata shangazi alikaa, akashona. Haukumponya baba, alifariki baada ya wiki tano. Lakini zile wiki tano tulikaa naye chumba kimoja kila usiku, bila kukimbilia maneno ya kujaza kimya.

Basi kuhusu lile swali, muziki huu ni wa nini? Hausali badala yako, wala hauhubiri. Unafagia chumba tu. Utakalolileta ndani ni juu yako. Ndiyo maana kutokusadiki kwa aliyeutengeneza hakukutudhuru, kama vile hatumwulizi seremala dini yake kabla ya kukalia kiti.

Budd na Eno walitoa kazi nyingine pamoja, The Pearl, mwaka 1984. Budd alifariki tarehe 8 Desemba 2020 kwa ugonjwa wa Korona, naye alikuwa na miaka 84.

Mkiujaribu nyumbani, msiupige kwa nguvu. Uwe chini hata msikie mvua juu ya bati. Na mgonjwa akitaka kusema neno, zimeni mara moja mkamsikilize.