Buruji, Baragumu na Wafu Wetu

Wengi wenu mmepata kuhudhuria kumbukumbu za mashujaa, tarehe 25 Julai, mkaisikia buruji ikilia katika uwanja ulio kimya. Mimi ni mwalimu hapa Tabora, na kwa miaka mingi nimewafundisha vijana kuipiga. Mimi mwenyewe nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa askari wa Keya, aliyepigana Burma katika vita vya pili vya dunia. Basi napenda kuwaeleza machache juu ya kazi hii.

Buruji ni chombo kidogo cha shaba, wala hakina vidude vya kubonyeza. Sauti zote hutoka katika midomo na pumzi ya mpigaji, na zile zitumikazo katika mlio wa kuwaaga wafu hazizidi tano. Kwa kuwa sauti ni chache, ikikwaruza moja kila mtu huisikia. Nayo Julai ya Tabora ni kiangazi: upepo wa asubuhi una baridi na vumbi, midomo hukauka, na shaba iliyopoa hushusha sauti. Kwa sababu hiyo huwaagiza vijana waipashe moto kwa pumzi, polepole, kabla ya kuitwa mbele. Mlio wa kwanza ni ule uliokuwa ukipigwa kambini kufunga siku. Ukiisha, watu wote hunyamaza. Kisha hupigwa mlio wa kuamsha, maana aliyelala hatumaini kulala milele.

Mataifa mengine wana desturi yao. Waskoti huwalilia wafu wao kwa zumari yenye mfuko wa ngozi: mpigaji hujaza mfuko pumzi, akaubana kwa mkono, na sauti haikatiki hata anapovuta pumzi. Huko Oman, walikotoka Waarabu waliofanya biashara katika mji huu zamani, wako wapiga zumari hizo wa kikosi cha Sultani ambao huzipiga wakiwa juu ya ngamia. Buruji sivyo, hiyo hukatika. Lakini mimi naona kukatika kwake kuna faida, kwa kuwa kati ya sauti na sauti msikilizaji hupata nafasi ya kumkumbuka mtu wake.

Walakini nchi yetu haikungoja shaba. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, walikuwa wamekwisha kuizoea njiani sauti ya baragumu, yaani pembe ya tandala. Kiongozi wa msafara alitangulia, na pembe ikawaita Wanyamwezi kuinua mizigo yao: pembe za ndovu kwenda pwani, nguo na ushanga kurudi bara. Wengi walikufa njiani kwa ndui na njaa, wakaachwa kando ya njia. Mwaka 1873 Susi na Chuma na wenzao waliupitisha mwili wa Livingstone papa hapa Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Yeye alizikwa kwa heshima London, katika Westminster Abbey. Bali wapagazi waliokufa katika njia hiyo, ni nani ayajuaye makaburi yao?

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, watu wakadhani mzigo wa kichwani umekwisha. Haukuisha. Vita vilikuja mwaka 1914, na tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia mji huu. Katika vita vile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko risasi.

Mwaka mmoja, baada ya sherehe, bibi mmoja alinijia akaniuliza, "Mwalimu, babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, hakurudi. Hakushika bunduki. Je, naye yumo katika mlio ule?" Nikamjibu, "Yumo, bibi." Nikamweleza ya kuwa hata katika sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927, wapagazi wametajwa pamoja na askari. Akasema, "Wametajwa wote pamoja. Wangu ana jina lake." Akalitaja, nami nikaliandika.

Neno lile limekaa moyoni mwangu. Tangu siku ile, katika kumbukumbu ya shule yetu, kijana mmoja hupiga kwanza baragumu kwa ajili ya wapagazi, na majina tuliyoyapata husomwa. Ndipo buruji hulia. Majina bado ni machache, maana wenye kuyajua wanatutoka.

Basi, ndugu zangu walimu, msiache kuwatuma watoto kwa wazee wao wakiwa na daftari. Pumzi ya mpigaji huisha upesi, na mlio hupotea na upepo. Bali jina lililoandikwa laweza kusomwa tena mwakani.