Tukuyu kwa Pikipiki, Mvua Ikiwa Mwenyeji

Asubuhi na mapema baridi ya Uyole huanzia kwenye vidole. Hapa ni njia panda: malori ya Dar es Salaam na Tunduma yananguruma mbele yako, na wewe unakata kuelekea kusini, barabara ya Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Kijana aliyenikodisha pikipiki alijaza mafuta, akajaribu breki, akalitazama shati langu la mikono mifupi, kisha akaingia ndani na kurudi na koti zito la mvua. "Chukua tu, kaka. Rungwe inanyesha hata jua likiwaka."

Barabara inapanda, na kila kona inaongeza baridi. Isyonje, inapochepuka njia ya Kitulo, viazi vimepangwa kando ya lami kwenye magunia ya lumbesa, yamefura hadi kushonwa kwa kamba juu ya mdomo. Nilisimama kupasha mikono moto kwenye jiko la mama mmoja anayeuza chai ya tangawizi. Hakuniuliza nataka nini. Alinimiminia kikombe kikubwa, akasogeza stuli karibu na mkaa, ndipo akanisalimu kwa Kinyakyusa na kuuliza, "Ugonile? Umetokea wapi na baridi hii, mwanangu?"

Kutoka hapo ni mteremko, na hewa inabadilika harufu: moshi wa kuni, majani mabichi, udongo ulioloa. Kushoto Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 3,000, unajificha na kujitokeza kwenye ukungu. Katika misitu yake anaishi kipunji, kima ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake tayari kabla watafiti hawajamwona mwaka 2003 na kumtangaza duniani 2005. Kulia, ndani ya msitu, kuna Ziwa Ngozi, lililojaa maji kwenye kasoko ya volkano. Huko pikipiki inaachwa chini na miguu inafanya kazi yake.

Kiwira ni mikungu ya ndizi. Imelazwa chini, imeegemezwa ukutani, inapakiwa kwenye malori, mingine ikienda hadi Mabibo, Dar es Salaam, kwenye soko la Mahakama ya Ndizi. Vijana wa kupakia wananyanyua mikungu miwili miwili huku wakitaniana. Mmoja alinielekeza njia ya Daraja la Mungu, kisha akaona maelezo hayatoshi, akapanda nyuma yangu mpaka kwenye mchepuko, akarudi kwa miguu. Nilipompa nauli alicheka na kuikataa.

Daraja lenyewe ni upinde wa mwamba wa volkano uliovuka Mto Kiwira bila mkono wa fundi. Chini yake maji yanapita kwa kelele, na majani ya kingo zote mbili yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mbele zaidi ni Kijungu, ambapo mto mzima unajitosa kwenye shimo la mwamba lenye umbo la chungu, unatoweka machoni, kisha unaibukia upande wa pili.

Nilipoingia Tukuyu mvua ilikuwa imeniwahi. Mji huu mdogo, uliokuwa boma la Wajerumani likiitwa Neu-Langenburg, umekaa juu ya vilima, na mitaa yake yote inapanda au kushuka. Matope yalifika kwenye vifundo vya miguu na glavu zililoa chepechepe. Lakini mvua ya hapa ndiyo inayokutambulisha kwa watu: kila aliyekatizwa safari anakimbilia baraza moja, na baraza la karibu lilikuwa la mama ntilie. Alitupisha wote, wateja na wasio wateja. Sahani yangu ilikuja na ndizi zilizopikwa na maharage mpaka zikalainika na kushika rojo, kipande cha parachichi kinene kama kiganja, na maziwa mgando pembeni. Nilipomaliza parachichi akaniongezea jingine. "Hilo halina hesabu," alisema. "Huku yanaanguka yenyewe."

Mvua ilipopungua nilishika njia ya Masoko. Mashamba ya chai yalikuwa yakifuka mvuke, na wachumaji wamerudi kazini: majani mawili na chipukizi lake, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kisha vyote vinatupwa kwenye kikapu mgongoni bila kugeuza shingo. Ziwa Masoko limetulia ndani ya kasoko yake, limezungukwa na miti. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walitupa humo fedha na silaha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na wazee wawili niliowakuta ukingoni walibishana kwa raha kuhusu kiasi chake.

Jioni, stendi ya Tukuyu, nilitaja kwamba kesho nataka kushuka Kyela hadi Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Bodaboda wakaacha abiria wao wakaanza kubishana: yupi anajua njia yenye tope kidogo, na wapi samaki wanauzwa wakiwa wabichi. Nilipowaambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, wakashangilia, na mmoja akaamua kwa niaba ya wote: "Saa kumi na mbili hapahapa. Koti usisahau."