Saa mbili asubuhi na jua bado halijatoka: uanagenzi wangu Berlin

Nimekuwa kimya kwa miezi kadhaa, na sanduku langu la baruapepe limejaa swali lile lile: "Ndugu, ulifikaje huko, na je, nami nijaribu?" Badala ya kumjibu mmoja mmoja, leo nawajibu wote.

Kwa ufupi: niliacha kazi ya kuandika programu za malipo jijini Nairobi, nikaja Berlin, Ujerumani, Oktoba 2025 kuwa mwanagenzi katika studio ndogo inayotengeneza maonyesho ya tarakilishi kwa makumbusho. Skrini za kugusa, taa zinazoitikia sauti, mambo kama hayo. Chombo chetu kikuu ni Processing, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry ili wasanii nao waweze kuandika msimbo. Mimi nilijifunza usiku baada ya kazi. Michoro niliyotengeneza nayo ndiyo iliyonipa nafasi, wala hakuna aliyeuliza cheti.

Makaratasi sasa. Viza ya matembezi ya siku 90 haikutoshi, unahitaji ile ya muda mrefu, na uanze mapema. Ukishapata nyumba una wiki mbili za kwenda kuandikisha anwani yako, na mwenye nyumba lazima akupe barua ya kuthibitisha unaishi kwake. Bila usajili huo hupati namba ya kodi, na mambo mengine mengi yanakwama hapo hapo. Halafu uliza jambo moja kabla ya kutia sahihi mkataba: uanagenzi huu ni wa lazima kwa masomo, au ni wa hiari? Ule wa hiari unaozidi miezi mitatu sheria inaulipa kima cha chini cha mshahara, ambacho kuanzia Januari 2026 ni yuro 13.90 kwa saa. Ule wa lazima haumo. Tofauti hiyo ndiyo kodi yako ya nyumba!

Maisha mengine utayazoea. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, kwa hiyo nunua unga Jumamosi. Chupa ya plastiki usiitupe: ukiirudisha dukani, mashine inakurudishia senti 25. Tembea na pesa taslimu, maana sisi tuliozoea M-Pesa tangu 2007 tunashangaa kukuta mkahawa usiopokea hata kadi. Baridi nayo dawa yake ni koti.

Kilichonichanganya mimi ni jua. Nairobi jua halitutanii. Mwaka mzima linachomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, basi. Kiswahili chenyewe kimejengwa juu ya uaminifu huo: jua likishatoka tunaanza kuhesabu, saa moja, saa mbili... Hapa, mwezi Desemba, saa mbili asubuhi unaenda kazini jua halijachomoza. Saa kumi jioni jua limeshazama. Mwezi Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu na nusu usiku! Usiku gani huo wenye jua?

Tena hawa watu wanasogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kwa hiyo Nairobi inatutangulia kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto. Jaribu kumweleza mama yangu. "Jana ulikuwa nyuma yetu saa moja, leo mbili. Umehama tena, mwanangu?"

Bahati nzuri, kazi niliyopewa ilikuwa hiyo hiyo: onyesho la watoto kuhusu namna watu wanavyohesabu siku. Nikawaambia wenzangu kuhusu saa ya Kiswahili. Msimbo wake ni mstari mmoja:

saa = (saaYaKizungu + 6) % 12

Jibu likiwa 0, andika 12. Saa 7 yao inakuwa 1, saa 18 inakuwa 12. Walicheka kwa furaha. Kisha msanifu mkuu akaleta mandhari aliyochora: mgunga, twiga, na jua jekundu kubwa.

Jamani. Nilikuwa mwanagenzi, mgeni, na mkataba wangu ungeweza kuvunjwa kwa notisi fupi. Nilifikiria mambo hayo yote. Halafu nikasema hapana, sikubali, kwa sababu saa hii ni ya mtu anayekimbilia matatu, ya mwalimu, ya mama anayechemsha chai. Akanipa hadi Ijumaa nilete kilicho bora.

Nilifanya hivi. Namba zifuate saa ya Kiswahili, lakini rangi ya mbingu ifuate jua halisi la mji utakaouchagua, ikikokotolewa kutokana na latitudo na tarehe. Ukichagua Nairobi, vinapatana siku zote. Ukichagua Berlin ya Desemba, skrini inasema "saa mbili asubuhi" na mbingu bado haina jua. Mtoto anaelewa mara moja, bila maelezo. Kisha nikamwomba mama anitumie rekodi kwa simu akitaja saa zote, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili alfajiri. Twiga akaondoka.

Kisha nikadai mambo mawili: mama alipwe kama msomaji mwingine yeyote wa sauti, na majina yetu yaandikwe kwenye ukuta wa onyesho. Waliduwaa kidogo, wakakubali. Mama alipopokea ujumbe wa M-Pesa alinipigia: "Wamenilipa kwa kutaja saa?" Yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza kila wiki hii kazi ya kuchezea taa ni kazi gani. Hajauliza tena.

Kwa nini niling'ang'ania majina? Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikuja Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotoka 1903, ni maneno yake, lakini jina lililotajika zaidi lilikuwa la Carl Velten, Mjerumani aliyekikusanya. Mtoro alifariki katika mji huu huu mwaka 1927. Hatukuanza sisi kuleta lugha hapa kama kazi.

Basi jibu langu kwenu ni hili: njooni, lakini msije kama watu wasio na kitu. Wengi hudhani mwanagenzi ni wa kupokea tu. Jifunze taratibu zao, fika kwa wakati, jifunze Kijerumani cha sokoni. Lakini ulichotoka nacho nyumbani ni kazi pia, na kazi ina bei na ina jina.

Mkataba wangu unakaribia kwisha na wameniomba niongeze miezi sita. Nimewajibu nitabaki kama mfanyakazi, si mwanagenzi. Bado wanafikiria. Wakikataa nitarudi Nairobi, na msimbo wa saa nitauweka huru mtandaoni, hilo tulikubaliana kwa maandishi.

Nanyi nisaidieni: saa kumi, kabla ya mapambazuko, kwenu mnaiita ya usiku au ya alfajiri? Mama anasema alfajiri, rafiki yangu wa Mombasa anasema usiku, nami nina mstari wa msimbo unaosubiri jibu. Kwaherini kwa sasa!