Kilichometa Ndani ya Oili

Oili ilimeta. Ilimeta kama ile poda wanayopakwa mabibi harusi siku hizi, na mimi nimelala chali chini ya gari uani kwetu Mkula, beseni pembeni, mkono mzima mweusi. Nikaacha kupiga mluzi.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Chaser, lile umbo la JZX100 lililotengenezwa Japani kuanzia 1996 hadi 2001. Injini yake 1JZ-GTE: silinda sita kwenye mstari mmoja, lita mbili na nusu, tabo moja. Inatoka kiwandani na nguvu ya farasi 280, na kwa barabara ya Lamadi kwenda Bariadi hizo zinatosha kabisa kukuua. Kaka hakuona zinatosha. Alimpata fundi mmoja mjini akamwongezea presha ya tabo na kumfungia bomba la moshi kama la lori. Likipita, mbuzi walikata kamba. Masela wa Lamadi wakampa kaka jina la sifa, naye akaanza kutembea kwa namna inayofanana na jina lile.

Lakini ndani ya ile injini mlikuwa na ng'ombe tisa wa baba. Kaka aliwaomba akiahidi kuwarudisha kwa biashara ya spea. Biashara haikusimama, na sasa Jumamosi mteja angekuja kutoka Bariadi kuliona gari. Ndiyo maana nilikuwa chini.

"Dogo, mwaga oili, weka mpya. Gari lionekane limetunzwa."

Hakuniambia niangalie. Ila mimi nimefundishwa kazi na babu mmoja jirani yetu, aliyezeeka akitengeneza malori ya kubebea pamba, na kwake oili haimwagwi kabla haijasomwa. Nikampelekea beseni.

Babu akaanza kwa kunitoa hofu. Injini yoyote inasagika kidogo. Ukikuta tope la kijivu, laini kama unga, usikimbilie kulia. Ukikuta chembe ambazo jicho linaziona moja moja, zina upana, zinageuka kwenye jua, hapo kuna chuma kinachobanduka. Swali ni chuma gani, cha wapi.

Tukafungua filta ya oili. Nikaikata kwa msumeno wa chuma, nikapitisha sumaku, ikavuta vipande kibao! Nikapiga kelele. Babu akacheka hadi akakohoa. Kumbe nilikuwa nimeokota unga wa msumeno wangu mwenyewe. Akaniagiza nichomoe ile karatasi ya ndani iliyokunjwakunjwa, nikate kipande cha katikati ambako msumeno haukufika, nikisuuze kwa petroli, nimwage machujo juu ya kitambaa cheupe.

Safari hii sumaku ilipita bila kuvuta karibu chochote. Hiyo ni habari. Ringi, kamshafti, kuta za silinda, vyote hivyo vingekuwa vinasagika, sumaku ingeota ndevu. Zilizobaki kwenye kitambaa zilikuwa za aina mbili: nyeupe laini, na nyingine nyekundunyekundu, rangi ya waya wa shaba.

"Shaba," babu akasema, akanyamaza kidogo. "Basi ni beringi."

Beringi za konrodi siyo zile za gololi unazozijua kwenye baiskeli. Ni vipande viwili vya bati lililopinda, mgongo chuma, tumbo madini laini, mara nyingi kwa tabaka. Krenki inazunguka humo ikiwa imeelea juu ya utando wa oili, haigusi. Oili ikipungua, ikichoka, au mlipuko ndani ya silinda ukizidi kipimo, utando unapasuka, chuma kinakutana na chuma. Tabaka la juu likiisha, shaba ndiyo inaanza kuonekana. Kwa maneno mengine, ukiiona shaba umechelewa.

Babu hakuridhika. Tabo nayo ina beringi za shaba, huenda mgonjwa ni yeye. Tukafungua bomba la hewa, nikashika ncha ya shafti ya tabo nikaitikisa: imara, haichezi. Tukarudishia kila kitu, tukaweka oili, tukawasha, tukaacha ipate moto. Taa ya oili ikawa inakonyeza kila injini ikitulia. Na chini, ko-ko-ko, kama mtu anabisha hodi kwa adabu. Nikachomoa waya wa injekta moja baada ya nyingine. Silinda ya tano ilipokosa mafuta, hodi ikafifia. Nikarudisha, ikarudi.

Nilimweleza kaka usiku ule. Alisikiliza vizuri tu, kisha akasema, "Weka oili nzito. Kelele itazimika mpaka Jumamosi."

Na kweli ingezimika! Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Oili nzito ingejaza ile nafasi, mteja angeondoka anacheka, na baba angepata ng'ombe wake. Halafu siku moja, mwendo mia na ishirini, konrodi inakatika, inatoboa bloku, oili yote kwenye tairi. Nilijaribu kujiambia hayo si yangu, mimi ni dogo, gari siyo langu. Kujiambia ni rahisi, bwana. Ila kile kitambaa kilikuwa chini ya mto wangu.

Jumamosi mteja akaja. Kijana rika letu, shati limepigwa pasi, alikuwa na rafiki yake aliyejifanya anajua magari. Walizunguka, walisifia rimu. Mwishowe yule mteja akaniuliza mimi, maana ndiye niliyekuwa na ovaroli: "Fundi, injini haina neno?"

Kaka alinitazama. Niliingia ndani, nikatoka na kitambaa, nikakitandaza juu ya boneti.

Hawakununua. Kaka hakunisemesha wiki mbili. Chakula tulikula sinia moja, yeye anaangalia mlango. Baba aliuliza swali moja tu: "Ng'ombe wangu wangapi wamebaki humo?" Nikamjibu kwamba bodi ni nzima, tabo ni nzima, krenki ikichongwa na beringi zikipatikana za saizi yake, labda sita. Akaguna.

Injini imeshuka. Beringi ya silinda ya tano tuliikuta imekwisha upande mmoja, nyembamba kama ganda la kitunguu. Jana jioni umeme ulikatika nikiwa bado nafungua nati za mwisho. Nikasikia hatua, kaka akachuchumaa pembeni, akawasha tochi ya simu.

"Mulika huku kidogo," nikamwambia.

Akamulika.