Lyme: Misitu, Kupe na Daftari la Mama

Msomaji, ukitoka New York kwa gari na kufuata pwani kuelekea mashariki, mwishowe utavuka Mto Connecticut. Ng'ambo ya pili ni Old Lyme, na jirani yake Lyme. Ni mahali pa kupendeza: nyumba za mbao, misitu, na kulungu wanaokula majani hadi uani.

Lakini tazama unapokanyaga. Nyasini hujificha kupe mchanga, mdogo kuliko punje ya ufuta.

Huko Lyme aliishi mchoraji Polly Murray, mama wa watoto wanne. Kwa miaka mingi aliugua: homa, vipele, uchovu, viungo kuvimba. Madaktari walimpima wasione kitu; wengine wakadai shida ni ya akili. Kisha watoto wake nao wakaugua.

Mama huyo hakunyamaza. Aliandika kila dalili, akaulizia majirani, na mwaka wa 1975 akawaarifu maafisa wa afya. Dkt. Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale alipochunguza, alipata wagonjwa 51 katika eneo hilo, 39 wakiwa watoto. Mnamo 1982, Willy Burgdorfer na wenzake walitangaza bakteria waliyoigundua ndani ya kupe. Leo ugonjwa wa Lyme hutibiwa kwa antibaiotiki, na ukigunduliwa mapema wengi hupona.

Wahenga walinena, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi mtu wa nyumbani kwako akilalamika na vipimo visionyeshe kitu, usimcheke. Mpe daftari aandike.