Shuka Kuukuu Si Takataka



Sisi tuliolelewa Pwani twaijua safari ya kanga. Ikiwa mpya hutokewa shughulini. Ikichuja hushindiwa nyumbani. Ikichakaa hubebewa mtoto, na mwishowe hukatwa vipande vya kufutia. Hakuna aliyeyaona hayo kuwa ni ufukara. Lakini tangu tuhamie huku Uingereza, wengi wetu tumezoea kutupa, tukichelea kudhaniwa kuwa maisha yametushinda.

Katika maduka ya hisani hupatikana shuka kuukuu za kitani. Kitani hutokana na nyuzi za shina la mmea, na katika karne ya 19 Belfast ilikuwa miongoni mwa miji mikuu ya kazi hiyo duniani. Hunyonya maji upesi, huzidi nguvu kinapolowa, hulainika kila kifuliwapo, wala hakiachi manyoya juu ya bilauri.

Baadhi ya mama zetu waliuliza: je, nguo iliyolaliwa na watu tusiowajua yafaa kufunikia chakula? Swali hili ni la haki, na jawabu lake ni maji. Asili ya nguo ni tahara, na penye shaka huoshwa. Kwa hiyo huzifua kwanza kwa maji ya moto. Na hapo pia kitani chenye kupungua hupungua kabla hakijashonwa.

Kisha huiinua shuka mbele ya dirisha. Mara nyingi huchakaa katikati, mahali pa mwili, na kingo zikabaki imara. Panapopenya mwanga mwingi hapafai. Mikunjo ya zamani nayo huikwepa, kwani nyuzi za kitani huvunjika zikikunjwa pale pale miaka mingi. Kingoni tunapata vitambaa vya kukaushia vyombo, mfuko wa mkate, kifuniko cha sinia na foronya. Vipande vidogo, vikipangwa tabaka nne, huwa vya kushikia sufuria. Upindo hukunjwa mara mbili na kupigwa bandi, ndipo cherehani ipite. Pasi hupigwa kitani kingali na unyevu.

Faida kubwa zaidi tumeiona kwa binti zetu waliozaliwa huku. Upindo, bandi, subana, mshono: maneno haya hawakuyapata shuleni, bali wameyapata wakiwa na sindano mkononi, wameketi baina ya mama na bibi. Tukiacha kushona, hatupotezi nguo peke yake. Lugha nayo hupungua, na mazungumzo yale hayana pengine pa kukaa.

Imepokewa kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Ikiwa yeye hakuona haya, sisi tunamwonea nani? Israfu ndiyo ya kuonewa haya. Basi, shuka itakapochakaa nyumbani kwenu, mwiteni binti, naye mwana pia, muitazame pamoja kabla ya kuitupa.

Wabillahi tawfiq.