Mtihani Hauna Uchawi

Yasemekana kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi". Wageni wafikapo huku hupenda kutuuliza kama uchawi wenyewe umekwisha kutupwa. Mimi sina jibu la swali hilo, lakini nataka kuwaeleza wasomaji habari za kaka yangu, ambaye mwaka 2024 alijitayarisha kwa mtihani wa usalama wa mitandao ya kompyuta, akashindwa, kisha akafaulu.

Mtihani huo huitwa Security+, nao hutolewa na CompTIA ya Marekani. Maswali hayazidi 90, na muda wake ni dakika 90. Alama huhesabiwa kutoka 100 hadi 900, na asiyefikisha 750 ameshindwa. Ada yake ni mamia ya dola, na mtu akishindwa akataka kurudia, hulipa tena. Hata mwenye kufaulu hupewa cheti cha miaka mitatu tu kabla ya kutakiwa kukihuisha, maana wezi wa mitandao nao hawalali.

Kaka yangu ana diploma ya kompyuta, na wakati ule alikuwa akifanya kazi katika duka moja la kuchapa barua na kutoa nakala hapa mjini. Alitamani kazi ya kulinda kompyuta za watu, kwa sababu tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ofisi iwekayo habari za watu yapaswa kuzilinda. Lakini fedha za ada hakuwa nazo. Baba, ambaye ni mkulima wa mahindi na maharage, aliuza maksai mmoja kati ya wanne wa kukokota plau. Hakuuliza mengi. Alisema tu, "Basi msimu ujao tutalima polepole."

Kaka alipoona fedha ile imetoka kwa jasho la Baba, aliingiwa na hofu ya kushindwa, na hofu hiyo ndiyo iliyompoteza. Mtu mmoja alimwuzia kwa simu maswali yaliyoibwa pamoja na majibu yake. Kaka aliyakariri mamia kwa mamia. Mwezi wa Aprili akapanda basi alfajiri, akapita Tunduma na Mbeya mpaka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, akaingia chumba cha mtihani.

Swali la kwanza halikuwa la kuchagua jibu. Ilikuwa picha ya mtandao wa ofisi, naye alitakiwa kupanga mwenyewe kanuni za faiawali, yaani kile kizuizi kinachoamua nini kipite na nini kisipite. Aliitazama picha ile dakika kumi, na hapakuwa na jibu lolote alilokariri lililofaa. Alipata 664. Aliporudi nyumbani alimweleza Baba kila kitu, hata habari ya majibu ya wizi. Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nimeuza maksai kununua uongo." Nilikuwa nimekuja nyumbani kwa ruhusa ya ugonjwa siku ile, na sijapata kumwona kaka yangu akiinamisha kichwa namna ile.

Likizo ya Juni ilipofika nilimkuta amebadilika. Alikuwa amenunua ruta moja kuukuu na kompyuta mbili chakavu, akazipanga juu ya meza ya kulia chakula. Ufipa ni nchi ya juu, na baridi ya Juni mnaijua. Tulikaa tumejifunika mablanketi. Kaka aliniambia niandike neno la siri ili niingie katika ruta kwa njia ya zamani iitwayo Telnet, ambayo hupita katika mlango namba 23. Naye aliitega kompyuta ya pili katikati ya njia, isome yote yapitayo. Neno langu likatokea mbele yake herufi kwa herufi. Nilishtuka sana, maana ndilo nililolitumia kila mahali. Kisha akaniambia nirudie kwa njia mpya, SSH, ipitayo mlango namba 22. Safari hii yalitokea makorokocho yasiyosomeka.

"Umeona?" akasema. "Watu hudhani mwizi wa mtandao ni mchawi. Si mchawi. Amekuta mlango ulioachwa wazi."

Kazi yangu kila jioni ilikuwa kumwuliza maswali kutoka sehemu tano za mtihani, naye alipaswa kunieleza kwa Kiswahili mpaka mimi, mtoto wa Kidato cha Tatu, nielewe. Nikisema, "Kaka, sijaelewa," ilikuwa ni ishara kwamba yeye mwenyewe hajaelewa, na lazima asome tena. Siku moja alikasirika akafunga daftari. Kesho yake asubuhi alikuja na mfano wa ule ujumbe wa simu tuujuao sote, usemao ile hela itume kwa namba hii. "Huyu havunji mlango," alisema, "amwomba mwenye nyumba amfungulie." Siku nyingine alinieleza kwamba mlinzi hulinda mambo matatu: siri isitoke, habari isigeuzwe, na huduma ipatikane. Kwa hilo la tatu alinikumbusha tarehe 12 Mei mwaka ule, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikadhoofika nchini. Hakuna mwizi aliyeingia, lakini watu walikosa huduma.

Wazee wetu wa Ufipa walifukia majani ndani ya matuta ya mviringo, yakaoza yakawa mbolea, ndipo wakapanda. Kaka alisema mara ya kwanza alipanda juu ya majani mabichi.

Ada ya pili aliilipa mwenyewe kwa kudunduliza mshahara wake. Mwezi wa Desemba alirudi Dar es Salaam, akapata 771. Alipofika nyumbani Baba aliuliza, "Maksai amerudi?" Kaka akajibu, "Bado, Baba, lakini safari hii sikumpoteza." Sasa anafanya kazi katika chama kimoja cha akiba na mikopo, na mwaka huu alimnunulia Baba ndama dume.

Nayaandika haya kwa sababu yangu mwenyewe. Kabla ya mtihani wetu wa majaribio mwaka huu, mtu alipita bwenini usiku akichangisha shilingi elfu tatu kwa ajili ya karatasi ya hesabu. Wasomaji watadhani nilikataa mara moja, kwa kuwa nilijua yaliyompata kaka. Sivyo. Fedha nilikuwa nayo mkononi, na hofu ilikuwa ile ile. Nilichokumbuka ni Baba alivyonyamaza siku ile. Niliirudisha fedha mfukoni, nikashika daftari. Sikupata A, nilipata C, na swali la nne mpaka leo naweza kulifanya tena bila kutazama popote.

Kama karatasi ile ilikuwa ya kweli au ya uongo, halinihusu. CompTIA hukataza maswali ya wizi na yaweza kumnyang'anya mtu cheti. Lakini kaka husema adhabu kubwa zaidi ni kukabidhiwa ufunguo wa mlango usioweza kuulinda. Wenzangu wa Kidato cha Nne, mtihani wa Novemba u karibu. Mwenye swali la hesabu asiloelewa na aje kitandani kwangu tulifanye pamoja. Nami ninayo mengi ya kuwauliza.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV